Maswali ya Wasomaji: Kibali Kipo, Lakini Maji Yatapita Wapi?

Barua nyingi tulizopokea katika wiki za mvua zimehusu jambo moja, yaani ujenzi unaofanywa ndani ya vinamasi na kando ya vijito, pamoja na wajibu wa halmashauri katika kuuruhusu au kuuzuia. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu inagusa hali za karibu wote walioandika, na zile nyingine nimezijibu kwa kadiri kila swali lilivyohitaji.

Ndugu mwandishi, nyuma ya nyumba zetu kuna bonde lenye matete ambalo tangu tulipohamia hapa limekuwa likipokea maji ya mvua na kuyateremsha taratibu hadi kwenye kijito. Tangu Januari malori yanamwaga kifusi humo usiku na mchana, na sasa zaidi ya nusu ya bonde imegeuka uwanja. Tulipokwenda ofisi ya serikali ya mtaa tuliambiwa kwamba mwenye mradi anajenga maghala na kwamba kibali anacho. Masika haya maji yameingia katika nyumba sita ambazo hayakuwahi kufika. Je, kibali kikishatolewa mambo yamekwisha?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Ndugu msomaji, kwanza poleni sana kwa yaliyowapata. Mambo hayajakwisha, na mngepaswa kuuliza palepale ofisini: kibali kipi? Mradi wa maghala katika bonde hauendi kwa karatasi moja. Kuna kibali cha ujenzi, ambacho hutolewa na halmashauri baada ya michoro kupitiwa na wataalamu wake wa mipango miji, ardhi, uhandisi, afya na mazingira. Kuna cheti cha mazingira, ambacho hupatikana kupitia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, pale mradi unapoangukia katika makundi yanayohitaji Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Na mradi ukigusa mkondo wa maji, Bodi ya Maji ya Bonde, yaani chombo kinachosimamia maji ya mto pamoja na vijito vyake vyote, nayo ina sauti. Kwa Dar es Salaam ni bodi ya Bonde la Wami/Ruvu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema waziwazi kwamba leseni au kibali kilichotolewa chini ya sheria nyingine hakimpi mwenye mradi haki ya kuanza kazi bila cheti cha mazingira pale kinapotakiwa. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na kibali halali cha halmashauri mkononi na bado akawa anavunja sheria kila lori linapoinua kitanda chake.

Mahali penyewe pia pana sheria zake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataja maeneo oevu, pamoja na ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, miongoni mwa maeneo yanayoweza kutangazwa kuwa ardhi hatarishi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita hizo 60, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inashikilia kipimo hichohicho. Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kulegeza kipimo hicho, wala hatoi kibali cha ujenzi. Yeye na mtendaji wake ni macho ya halmashauri mahali pale, na kazi yao ilikuwa kupeleka taarifa siku ya lori la kwanza.

Naomba sasa nieleze kwa nini nyumba zenu sita zimeingiliwa na maji, kwa sababu maelezo haya mtayahitaji mbele ya wakubwa. Bonde lenye matete ni ghala la maji. Chukua eneo la hekta moja lililokuwa likijaa maji kwa kina cha mita moja wakati wa mvua kubwa. Hapo panakaa mita za ujazo 10,000, sawa na maboza 1,000 yenye lita 10,000 kila moja. Ukilijaza eneo hilo kifusi, mvua haitapungua kwa sababu yako. Maji ya maboza hayo 1,000 yatatafuta mahali pengine pa kukaa, na mahali hapo huwa ni ng'ambo ya pili au kwa jirani wa chini. Kisha juu ya kifusi hujengwa maghala yenye paa la bati na uwanja wa sakafu ya zege. Mvua ya milimita 50 juu ya hekta moja ya paa na zege huleta lita 500,000, ambazo zamani sehemu yake ingenywewa na udongo na matete, lakini sasa zinateremka zote kwa pamoja, kwa kasi, kuelekea kalavati iliyojengwa kwa ajili ya kijito kidogo.

Hesabu hii si ngumu, na ndiyo ambayo halmashauri ilipaswa kuidai kabla ya kugonga muhuri. Nasema hivi nikiwa na uchungu wa kweli. Miaka mingi iliyopita, nikiwa afisa mipango miji kijana katika halmashauri moja, nilikwenda kukagua kiwanja mwezi wa Septemba. Nilikuta majani makavu, mbuzi wakichungwa, na mwenye kiwanja akinionyesha mpaka kwa heshima kubwa. Niliandika kwamba eneo linafaa. Aprili iliyofuata nilipita barabarani nikaiona nyumba ile ikiwa ndani ya maji hadi usawa wa madirisha, na mwenye nyumba hakunilaumu, jambo ambalo lilinichoma zaidi. Alama za maji zilikuwepo siku ile ya Septemba: udongo mweusi wa mfinyanzi, mizizi ya matete, mstari wa tope kwenye shina la mwembe. Sikuzitazama, kwa sababu nilikuwa na ramani mkononi na ramani haikuonyesha mto.

Wala kosa hili si la watu binafsi pekee. Wakazi wa Dar es Salaam mnaijua karakana ya mabasi yaendayo haraka pale Jangwani, iliyojengwa kwenye uwanda ambao Mto Msimbazi huutandazia maji yake kila unapofurika. Mabasi yalipoanza huduma mwaka 2016, haukupita muda mrefu kabla ya karakana ile kuanza kuzingirwa na maji, na imezingirwa tena na tena tangu hapo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilipitisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya kuliendeleza bonde hilo la Msimbazi, na sehemu ya kazi ni kuwahamisha watu kwa fidia na kujenga daraja jipya la Jangwani. Kuliacha bonde wazi tangu mwanzo kungegharimu sehemu ndogo sana ya fedha hizo. Pia kungeepusha machungu ya waliohamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011, na ya wale waliobomolewa nyumba zao bondeni mwishoni mwa 2015, wengi wao wakiwa watu walioishi pale kwa miaka na kulipa kodi ya majengo.

Sasa hatua zenu. Andikeni barua moja iliyosainiwa na kaya zote zilizoathirika, mwielekeze kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, na nakala mzipeleke kwa afisa mazingira wa halmashauri, kwa diwani wenu, kwa ofisi ya kanda ya NEMC na kwa Bodi ya Maji ya Bonde. Msiandike tu kwamba "tunateseka". Ombeni mambo yanayotajika: nakala ya kibali cha ujenzi na masharti yake, namba ya cheti cha mazingira, taarifa ya ukaguzi wa kiwanja pamoja na tarehe uliofanyika, na ramani ya mipango miji inayoonyesha matumizi yaliyopangwa ya bonde hilo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma iwajibu ndani ya siku 30. Ambatanisheni picha zenye tarehe, na pigeni mstari wa rangi ukutani katika kila nyumba pale maji yalipofika, kabla tope halijaoshwa, kwa kuwa ushahidi huo hautarudi.

NEMC na wakaguzi wa mazingira wana uwezo wa kusimamisha kazi na kumwamuru aliyeharibu arudishe eneo katika hali yake, na hii ni pamoja na kukitoa kifusi. Ikiwa hakuna atakayesogea, Sheria ya Mazingira inampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kwenda mahakamani kuidai bila kusubiri kwanza nyumba yake ianguke. Fahamuni tu kwamba kuishtaki halmashauri kunahitaji notisi ya siku 90, kwa hiyo mtafuteni wakili sasa, si mvua za vuli zitakapokuwa zimekaribia.

Shikamoo mwandishi. Mimi ni diwani mpya na nimepangwa katika Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Katika kikao cha kwanza tuliletewa mradi wa nyumba za kupangisha kando ya mto, pamoja na taarifa nene ya mazingira iliyoandikwa kwa Kiingereza. Wataalamu walisema kila kitu kiko sawa, tukapitisha kwa dakika kumi. Sikulala vizuri usiku ule. Kikao kijacho niulize nini?
*Diwani, Kanda ya Ziwa*

Marahaba, Mheshimiwa Diwani. Kukosa usingizi kwa ajili ya jambo la watu ni dalili njema katika kazi yako, na naomba usiizoee hali hiyo ya dakika kumi.

Anza na lugha. Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za mwaka 2005 zinataka taarifa ya tathmini iambatane na muhtasari usio wa kitaalamu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Muhtasari huo wa Kiswahili haukuwekwa kama hisani kwa madiwani. Ni sehemu ya taarifa. Ukiukosa katika kabrasha lako, mwombe mwenyekiti wa kamati kwa adabu kwamba ajenda isubiri hadi utakapoletwa.

Baada ya hapo usihangaike kushindana na mhandisi juu ya nondo na nguzo. Uliza maswali ambayo jibu lake linaweza kuonyeshwa kwa kidole. Nani alikwenda kwenye kiwanja, na alikwenda mwezi gani? Mita 60 zimepimwa kuanzia wapi? Swali hili la pili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mtu akianza kupima katikati ya mkondo wakati wa kiangazi, badala ya kwenye ukingo, anaweza kujipatia mita ishirini za bure. Ukingo wa mto hauko pale maji yanapoishia Agosti. Tazama ngazi ya udongo, tazama mahali mimea inapobadilika, kisha waulize wazee wa pale maji yalifika wapi katika mwaka mbaya kuliko yote wanaoukumbuka, na uandike majibu yao.

Uliza pia ni nani aliye chini ya mradi. Taarifa nyingi nilizowahi kusoma zinaeleza kwa kirefu namna mradi wenyewe utakavyolindwa na mto: ukuta wa mawe, gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe), msingi ulioinuliwa. Ni nadra sana kukuta sura inayoeleza ukuta huo utamfanya nini mtu wa ng'ambo. Maji yakigonga ukuta upande mmoja huelekeza nguvu yake upande wa pili, na baada ya misimu michache ukingo wa ng'ambo huanza kumeguka, pengine ukiwa na shamba au choo cha mtu juu yake. Kama kwenye orodha ya wadau walioshirikishwa huoni jina hata moja la mtaa wa ng'ambo au wa chini, basi ushirikishwaji haujafanyika, hata kama mahudhurio yana kurasa kumi za saini.

Jambo jingine ni majitaka. Katika ardhi oevu maji ya chini yako karibu sana na uso wa ardhi, kwa hiyo shimo la maji machafu likichimbwa hapo hujaa lenyewe kutoka chini, na yaliyomo huingia kwenye mto na visima vya majirani. Nyumba za kupangisha kaya arobaini bila mfumo wa kueleweka wa majitaka ni sababu tosha ya kurudisha mradi mezani.

Na kuhusu mradi mliokwisha kuupitisha: muhtasari wa kikao huthibitishwa katika kikao kinachofuata. Hapo ndipo pa kusimama na kuomba kamati itembelee eneo kabla kazi haijaanza. Hutakuwa umewavunjia heshima wataalamu, kwani wengi wao, naamini, wangefurahi kuona diwani anayetaka kukanyaga tope pamoja nao. Mara nyingi wanaponzwa na uhaba wa magari na mafuta kuliko uhaba wa nia, na kamati yako ndiyo inayopitia makisio ya idara yao.

Mimi niko Nairobi. Jirani anasema sheria ni mita 6, mwingine anasema ni mita 30. Nani mkweli?
*Msomaji, Nairobi*

Wote wawili, kwa sehemu. Kanuni za rasilimali za maji za Kenya zinaweka ukanda wa kando ya mto kulingana na upana wa mto wenyewe: usipungue mita 6 na usizidi mita 30 kila upande. Mto wenye upana wa mita 12 unapata ukanda wa mita 12. Anayepaswa kukutambulisha mpaka huo ni Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na ni vyema uombe maafisa wake waje kuweka vigingi, kisha upeleke taarifa yao kwa serikali ya kaunti pamoja na ombi lako la idhini ya ujenzi. Usijenge kwa kukisia mpaka. Majengo makubwa yaliyobomolewa kando ya mito ya Nairobi mwaka 2018 yalikuwa na wamiliki waliosema kwamba karatasi zao zilikuwa kamili, na baada ya mafuriko ya 2024 serikali iliwaamuru waliokuwa ndani ya mita 30 katika maeneo ya hatari waondoke, hata pale ambapo kijito chenyewe kilikuwa chembamba.

Habari za kazi. Nimenunua kiwanja Morogoro, kimepimwa na kina hatimiliki. Mbele yake kuna korongo linalopitisha maji ya kutoka milimani wakati wa mvua, na kiangazi linakuwa kavu kabisa. Mpaka wa karibu wa kiwanja uko mita 35 kutoka ukingo, na wa nyuma uko mita 85. Fundi ananiambia korongo si mto, nianze msingi. Mimi ni mama ninayejenga kwa akiba ya kiinua mgongo na siwezi kujenga mara mbili. Nifanyeje?
*Mama wa watoto wanne, Morogoro*

Mama yangu, fundi wako ni mtaalamu wa tofali, lakini katika hili usimsikilize. Maji ya Uluguru hushuka kwa ghafla. Mvua inaweza kunyesha mlimani huku mjini jua linawaka, na korongo lililokuwa kavu saa nane mchana likawa linaviringisha mawe saa kumi. Ukavu wake wa Julai hauelezi lolote juu ya nguvu yake ya Aprili.

Hatimiliki ni ulinzi mkubwa wa haki yako, lakini haifuti makatazo ya sheria ya mazingira, na kupimwa kwa kiwanja hakumaanishi kwamba kila sehemu yake inaweza kujengwa. Habari njema ni kwamba kiwanja chako kinakuruhusu kutii sheria bila kukipoteza. Ukitoa mita 60 kutoka ukingoni, bado unabaki na mita 25 upande wa nyuma. Ukiondoa nafasi inayotakiwa kati ya nyumba na mpaka wa jirani, hapo inatosha nyumba ya familia, na shimo la maji machafu liwekwe hukohuko nyuma, si mbele. Mita 25 zinazobaki upande wa korongo ziache na nyasi na miti yenye mizizi ya kushika udongo. Usijenge ukuta wa zege mbele ukidhani unajikinga, kwani utaleta mgogoro na wa ng'ambo, na siku maji yatakapouzunguka yatakuwa yamefungiwa ndani pamoja nawe.

Kabla ya fundi kuchimba hata mfereji mmoja, una bahati ambayo wengi hawana: makao makuu ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu yako mjini kwako. Nenda na nakala ya hatimiliki na ramani ya upimaji, uwaombe kwa maandishi waseme kama korongo hilo wanalihesabu kuwa mkondo wa maji na ukingo wake uko wapi. Barua yao iambatanishe na michoro unapoomba kibali cha ujenzi halmashauri, na uombe afisa mazingira awemo katika msafara wa ukaguzi. Ukishapata kibali, soma masharti yaliyo nyuma yake kabla ya kulipa fundi, maana hapo ndipo huandikwa umbali na kiwango cha kuinua msingi.

Na ukipangiwa ukaguzi mwezi wa Agosti, waombe waje tena Aprili, maji yakiwa korongoni, hata kama kwa kufanya hivyo msingi wako utachelewa miezi minane.